Mguu wa Baba Hauonekani Kwenye Kamera

Mimi ndiye mchora katuni bora Songea nzima. Guna, ukimaliza tuendelee. Najua unataka kuuliza Songea nzima ina wachora katuni wangapi, na jibu ni kwamba nipo peke yangu. Lakini hata wangekuwa mia ningewashinda, maana mimi nachora kwa mkono, picha kumi na mbili kwa kila sekunde, na wao wangekuwa wanabonyeza kitufe kama dunia nzima inavyofanya siku hizi.

Katuni yangu ya kwanza ilikuwa ya sufuria ya maharage inayochemka mpaka inafurika. Majirani waliiona wakasema, sasa hii ndiyo nini? Mama yeye aliruka kitini akakimbilia jikoni kuangalia maharage yake. Hapo nikajua nimeweza. Ya pili ilikuwa ya mbuzi anayegoma kuvuka daraja. Yule mbuzi nilimchora nikamfuta, nikamchora nikamfuta, mpaka kidole kikachubuka, kwa sababu mbuzi akigoma hagomi kwa kichwa, anagoma kwa miguu ya nyuma. Usipoliona hilo umechora picha ya mbuzi tu. Ndiyo imani yangu kuhusu katuni na sina nyingine: rangi nzuri hazinibabaishi kama kinachotembea hakina uzito. Mtu akikanyaga ardhi, ardhi nayo ijue imekanyagwa.

Ya tatu ndiyo hii ya baba.

Baba yangu, Egno Mapunda, alikuwa mnunuzi wa kahawa. Asubuhi moja alitoka nyumbani kwenda Mbinga. Alifika kwenye kona ya njia yetu, akageuka, akatupungia kofia, akapita. Siku ileile mlima uliporomokea barabara, na baba hakurudi. Katuni yangu ni hiyo tu. Mtu anatoka mlangoni, anatembea njia nzima mpaka kwenye kona, anageuka, anapunga kofia, anapita. Njia inabaki tupu. Kwisha.

Nilipoimaliza nilimketisha mama sebuleni, nikamwita na Mzee Kikoti. Huyu ni Mhehe mwenye duka la dawa pale sokoni, anavaa tai hata akienda kununua mchicha, na hajawahi kuongea kwa sauti ya chini tangu nimjue. Sisi ni Wangoni. Babu zetu walipigana na babu zao, na vita vilipokwisha ukabaki utani, kwa hiyo Kikoti anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kununa. Ukifiwa, mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya waombolezaji mpaka watu wacheke huku machozi yanawatoka. Kikoti alimwigiza baba msibani, lakini mazoezi alikuwa nayo tangu zamani. Kila baba alipopita mbele ya duka lake, yeye alitoka akamfuata nyuma akimwiga, na soko zima lilikuwa linaacha biashara.

Nikawasha kishikwambi. Baba akatoka mlangoni. Mama akashika shavu.

"Amependeza," alisema. "Jamani, Egno amependeza."

Mzee Kikoti alitazama mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Huyu nani?"

"Baba," nilisema.

"Baba wa nani?"

"Mtani, leo sitaki mchezo."

"Wala sichezi. Nauliza huyu kijana anayetembea kama yuko kwenye gwaride ni nani. Egno alikuwa anachechemea, mtoto we! Mguu wake umeuacha wapi?"

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Nilimgeukia mama, na mama akanigeukia mimi.

"Mguu," alisema taratibu. "Ni kweli. Pikipiki ilimvunja hata wewe hujazaliwa."

"Mguu upi, mama?"

"Wa kulia."

"Una uhakika?"

"Wa kulia, si ndiyo? Ngoja. Alikuwa akikaa anaunyoosha hivi... hapana." Mama alitazama mapaja yake mwenyewe, akagusa moja, akagusa la pili. "Ngoja kwanza, Osmunda. Usiniharakishe."

Hakukumbuka. Alikaa pale kwenye kochi akitafuta mguu wa mumewe kichwani mwake, na hakuupata. Na mimi, mwenye macho ya kuona miguu ya nyuma ya mbuzi, sikuupata pia. Niliumia kuliko siku ya mazishi, na hapo sitii chumvi. Siku ya mazishi angalau nilijua ninamzika nani.

*

Mchawi wetu ni mnyoosho.

Kila kamera unayoijua ina mnyoosho ndani yake: simu yako, kamera ya getini, hata ile ya kanisani. Ulianza kwa kuondoa chunusi, watu wakashangilia. Ukanyoosha meno. Ukanyoosha migongo. Ukaondoa kigugumizi kwenye sauti. Mwisho ukaingia kwenye mwendo, kwa sababu mtambo wenyewe ulifunzwa kwa kuonyeshwa mamilioni ya watu wanaotembea sawasawa, basi ukimwona anayechechemea unadhani picha imetikisika, unairekebisha. Wanasema kuna mahali pa kuuzima. Mimi sijapaona, na sijakutana na aliyepaona.

Video za baba tunazo tele. Miaka yote tangu afe tulizitazama karibu kila Jumapili tukitoka misa, na kila Jumapili alikuwa anapita mbele yetu amenyooka. Kidogo kidogo yule wa kwenye video akamsukuma yule wa kweli mpaka akamtoa nje. Nami, mjanja wa mjini, nikachora kwa kufuata video. Nilifungua mpaka ile ya msiba. Nikamwona Mzee Kikoti ndani ya koti la baba lililompwaya, anatembea vizuri kabisa, na uwanja mzima wa waombolezaji unacheka bila sababu.

"Mtani, simama," nilimwambia. "Tembea kama yeye."

"Lo! Mtoto wa mateka wangu ananipa amri."

"Nakuomba."

"Kazi ya Mhehe haifanywi bure. Jogoo. Na asiwe wale wa kwenu Wangoni, wembamba kama spoki za baiskeli."

"Jogoo utapata. Tembea."

Alilegeza tai. Mama alienda chumbani akarudi na koti la baba, amelikumbatia. Kikoti akalivaa, akasimama mlangoni, akakohoa, halafu akaja.

Ulikuwa wa kushoto. Nyonga ilitangulia, mguu ukafuata umechelewa, na bega la kulia likapanda juu kufidia. Baada ya hatua chache kikaja kiruko kidogo, kama mtu anayeingia kwenye lizombe, ngoma yetu Wangoni, ikiwa tayari imekolea. Hakikuwa kilema cha kuonewa huruma hata kidogo. Baba alichechemea kwa maringo. Alikuwa ameuchukua ule mguu mbovu akaufanya pambo, na sisi tuliompenda tulikubali mtambo umvue.

"Kushoto," mama alisema, mkono mdomoni. "Kushoto, Mungu wangu. Kushoto."

Nilifuta katuni nzima. Kila alasiri Kikoti alikuja akifunga duka, akavaa koti, akatembea toka mlangoni mpaka dirishani, na mimi nikachora kwenye karatasi nikiwa nimesimama. Mara moja nikamwonea huruma, nikachukua simu ili nimrekodi apumzike. Nimeshaielekeza kabisa ndipo akili ikanirudia. Niliitupa kwenye kochi, na Kikoti akacheka mpaka akakaa chini.

"Wangoni!" alisema. "Ndiyo maana tuliwateka."

"Nani alimteka nani? Tembea, mzee."

Kazi ilinitesa na niliipenda. Nyonga ikiwahi mno, baba anakuwa mlevi. Mguu ukichelewa mno, anakuwa mgonjwa. Kile kiruko nilikihangaikia kuliko vyote, mpaka siku nilipokiwasha kwenye kishikwambi, na mama, aliyekuwa anakunja nguo, akatikisa kichwa akiitikia mdundo bila kujua anafanya hivyo. Nilitoka nje nikasimama uani nikajipongeza kwa sauti, kuku wakisikiliza.

*

Bi Hobokela alitoka Dodoma kuja kuniona. Ni mkubwa wa wachoraji kwenye kampuni ya Kumbi za Mbalamwezi, ambayo ina ukumbi wa sinema karibu kila mkoa. Nilikuwa nimewatumia kipande cha katuni. Nilitarajia wanijibu kwa sentensi moja, nikapata mgeni mzima sebuleni, mama mstaarabu, aliyesifu chai na kuomba ya pili.

"Nimeangalia sana ule mguu," alisema. "Nimeweka vifaa vyote kando nikauangalia kwa macho matupu. Mwanangu, una mkono. Tunataka uje. Meza yako mwenyewe, na wachoraji chini yako."

Sitajifanya. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nilikuwa nimeitamani ile meza tangu nilipokuwa nachora kuku ukutani kwa mkaa na kuchapwa.

"Na katuni ya baba?"

"Tutaionyesha nchi nzima. Itapita kwenye miwani kama nyingine zote."

Kama hujawahi kuingia kwenye kumbi zao, utaratibu ni huu. Unakaa, unavaa miwani, na mnyoosho ulio ndani yake unasoma macho yako na mapigo ya moyo wako. Ukihuzunika, hadithi inakugeukia kukupendeza. Wewe unaona mwisho wako na jirani yako anaona wake. Kila mtu anatoka ameridhika, na ndiyo maana siku hizi watu wakitoka sinema hawana cha kuzungumza.

"Mguu utabaki?" niliuliza.

"Kwa atakayeupenda, utabaki."

"Ni wangapi watakaoupenda?"

Bi Hobokela hakunidanganya, na kwa hilo namheshimu. "Wachache. Mtambo utadhani wewe umekosea kuchora. Na ile njia tupu ya mwisho, wengi hawataiona. Wengi watamwona anarudi."

Kikombe kiligonga sahani. Kilikuwa cha mama.

"Anarudi?" mama aliuliza. "Egno?"

"Ndiyo, mama. Kama moyo wako unataka hivyo, anakunja ile kona anarudi."

Mgeni alipokwenda kupumzika, mama alinifuata jikoni. Alishika mwiko, akauweka, akaushika tena.

"Wewe una sanaa yako, na mimi najivunia, unajua najivunia," alisema. "Lakini mimi nalala kwenye kitanda chenye mto mmoja. Mara moja tu, Osmunda. Nimwone amekunja kona anarudi nyumbani. Utanikatalia?"

"Mama, atarudi amenyooka. Utaupoteza tena ule mguu."

"Si bora arudi?"

Nilikaa kwenye kigoda nikajiuliza maswali ambayo sikuyapenda. Nani kanipa mimi mamlaka ya kumpimia mama yangu faraja? Nikikataa, ninamlinda baba au ninalinda michoro yangu isiguswe? Na nikikubali, kila atakayemwona baba nchi nzima atakuwa amemwona mtu mwingine, na safari hii atakayekuwa amemfuta ni mimi, kwa mkono wangu, kwa mshahara. Pande zote mbili ziliniuma. Niliosha vyombo vyote, na vingine vilikuwa safi.

Kesho yake nilimwambia Bi Hobokela nitamjibu baada ya kuionyesha hapa kwanza, watu wa soko waione, kwenye ukumbi wa parokia. Paroko alikuwa na projekta ya zamani iliyokaa stoo miaka, mashine pumbavu isiyojua kunyoosha chochote. Unachoiwekea ndicho inachotupa ukutani.

"Nitakuja," alisema. "Na nitakuja na miwani mbili. Moja yangu. Nyingine ukipenda mpe mama."

*

Jumamosi alasiri tulifunga mapazia. Soko zima lilikuja: wauza nyanya, mafundi cherehani, wabeba magunia ya kahawa waliomjua baba tangu ujana. Mama alikaa mstari wa mbele na kitenge chake cha Pasaka. Nilimwekea miwani mapajani.

"Chagua mwenyewe," nilimwambia. "Ukivaa sitanuna."

Uongo. Ningenuna mpaka Krismasi. Lakini nilisema, na nilikuwa tayari kuumeza ule uchungu.

Mama aliitazama ile miwani. Akanitazama mimi. Akaivaa.

Sawa. Nilienda nikawasha projekta, nikarudi nikakaa kando yake, nikaangalia ukuta ili nisimwangalie yeye.

Mlango ukafunguka. Baba akatoka. Nyonga, mguu, bega.

"Heee!" ilipaa sauti ya mwanamke nyuma. "Egno huyo!"

Kicheko kikaanzia kwa wauza nyanya. Nyonga, mguu, bega. Kikafika kwa mafundi cherehani. Mtu akapiga kofi paja lake. "Jamani mwendo wa Mapunda! Jamani!"

Mama aligeuza kichwa.

"Wanacheka nini?" alininong'oneza.

Ukutani baba akafanya kile kiruko, na ukumbi ukalipuka. Mbeba magunia mmoja aliinama mpaka paji la uso likagusa kiti cha mbele, mabega yakimtikisika, na sikuweza kujua kama anacheka au analia.

"Osmunda, wanacheka nini? Mbona sioni cha kuchekesha?"

"Wanamcheka baba."

"Kwani anafanya nini?"

"Anatembea, mama."

Kiruko cha pili kikaja na kicheko kikaja nacho, mkubwa na mdogo, wote kwa wakati mmoja, na mama yangu amekaa katikati yao peke yake kama mgeni kwenye msiba wa mumewe mwenyewe. Nilimwona anashika vishikio vya miwani. Akaivua.

Alitazama ukuta. Nyonga, mguu, bega.

"Kushoto!" Alisimama. Mama yangu, ambaye kanisani anakohoa ndani ya leso ili asisumbue watu, alisimama mbele ya ukumbi mzima akanyoosha kidole. "Huyo! Huyo ndiye mume wangu! Mnamwona? Anavyojidai, mnamwona?"

"Tunamwona!" ukumbi ulijibu.

Alicheka. Alicheka huku amejishika kiuno, machozi yanashuka mpaka kwenye kitenge, na mimi nikalia kwa kelele kabisa na sikujali.

Kisha baba akafika kwenye kona, na wote wakanyamaza bila kuambiwa. Akageuka. Akapunga kofia. Akapita.

Njia ikabaki tupu. Nilikuwa nimeiacha muda mrefu, kwa makusudi. Mama alikuwa amekaa, miwani iko mapajani pake, vioo vimeangalia juu. Ndani ya vioo niliona kitu kinamulika. Mtu mdogo sana alikuwa amekunja kona anarudi, amenyooka kama rula, anakuja nyumbani. Mama naye alimwona. Mkono wake ulisogea ukaifikia miwani.

Aliigeuza, vioo chini, akarudisha macho ukutani. Akaitazama ile njia tupu mpaka mwisho.

Bi Hobokela alinikuta mlangoni, miwani yake iko mkononi. Sijui aliivua saa ngapi, lakini macho yalikuwa mekundu.

"Naweza kukuwekea meza," alisema. "Kumbi bila miwani siwezi. Hilo haliko mikononi mwangu."

"Basi hapana, mama. Asante. Na asante kwa kuja."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika na naumia, vyote viwili."

Ile meza bado naitamani. Nikisema siitamani nitakuwa nakudanganya. Lakini siku ile nilikuwa nimeinua kichwa juu kuliko mnara wa kanisa, na ningepewa Dodoma nzima nisingebadilishana.

Nje, Mzee Kikoti alikuwa amevaa koti la baba, jogoo wangu kwapani.

"Mateka wangu!" alinguruma. "Mnamsindikiza mwenzenu au mnaenda kulala?"

Akashuka ngazi. Nyonga, mguu, bega. Wauza nyanya wakamfuata, kisha mafundi cherehani, kisha mama, amepandisha kitenge kidogo ili nyonga iwe huru, na yeye ndiye aliyekipatia kile kiruko kuliko wote, kuliko hata Kikoti, kuliko hata mimi niliyekichora. Barabara nzima toka parokiani mpaka sokoni ilijaa mwendo wa baba yangu.

Watu walitoa simu wakarekodi, hao hawakosekani. Video zipo, zitafute. Utaona umati wa watu wanyoofu wanatembea vizuri kabisa barabarani, wanacheka, na hutaelewa wanacheka nini. Usihangaike nayo. Njoo Songea umuulize mama yangu mguu ulikuwa upi. Atakujibu kabla hujamaliza kuuliza.